Kuitoa tamthilia ya vita jukwaani na kuifanya filamu: mwongozo kamili kwa vikundi vya Tabora

Tangu masika yaishe nimeletewa miswada minne, na yote inaumwa ugonjwa mmoja. Vijana wamechukua tamthilia ya vita waliyoisoma shuleni, wamenakili mazungumzo neno kwa neno, wameandika "NJE – MCHANA" juu ya kila onesho, wakaiita filamu. Ukiipiga picha hivyo unapata watu wamesimama porini wanahutubiana, na vita vyenyewe viko nyuma ya pazia ambalo halipo tena.

Mfano wangu humu ni Julius Caesar ya Shakespeare. Wengi wenu mmeijua kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Brutus, Cassius na wenzao wanamuua Caesar, nusu ya mwisho inakwenda vitani Philippi dhidi ya Antony, na kuna onesho moja pale ambalo ukiliweza umeiweza kazi nzima. Anayetaka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein atumie hatua hizihizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala mbili za tamthilia, moja ya kusoma na moja ya kuharibu.
- Kalamu za rangi tatu na daftari kubwa.
- Simu yenye kamera nzuri, au kamera. Tripodi ni lazima.
- Maiki mbili za kubana kwenye nguo, na pawabenki za kutosha.
- Watu 20 hadi 30 wenye miguu ya kukimbia. Wasiojua kuigiza pia wanafaa.
- Doti za kaniki na merikani, mbao laini, gundi, rangi nyeusi.
- Kamba nene, matawi ya miti, na pikipiki moja.
- Sanduku la huduma ya kwanza na maji mengi kuliko unavyodhani.

Farasi huwahitaji. Droni huihitaji pia, na ukiirusha bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga utapata hasara kubwa kuliko faida ya hizo picha za juu.

## Hatua ya 1: Jua unachukua maneno ya nani

Shakespeare alifariki mwaka 1616, hadai mtu. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana wakishasikia hivyo wanachukua tafsiri ya Kiswahili na kuitumia yote. Tafsiri ni kazi nyingine yenye mwenyewe. Ile ya Mwalimu ilitoka mwaka 1963, ikarekebishwa mwaka 1969, na sheria yetu ya hakimiliki inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Mwalimu alifariki 1999. Piga hesabu: 2049. (Ukitaka kujisifu mbele ya wageni, Mwalimu alisoma Tabora School, akafundisha St. Mary's hapahapa mjini. Lakini hiyo haikupi kibali.)

Una njia mbili. Uombe ruhusa ya maandishi kwa wenye haki, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo mahali pa kuanzia kuuliza. Au uifasiri mwenyewe upya kutoka kwenye asili, kwa maneno yako, tafsiri ya zamani ikiwa imefungiwa kabatini. Kinjeketile haina njia ya pili, kwa sababu asili yenyewe ni ya Kiswahili na ina mwenye haki. Hapo ni ruhusa tu.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi mkononi yenye sahihi, au rasimu ambayo kila sentensi yake unaweza kusema uliitoa wapi.

## Hatua ya 2: Ichorechore kwa rangi tatu

Chukua ile nakala ya kuharibu. Nyekundu: kila mahali mhusika anaposimulia jambo linalotokea pengine au lililokwishatokea. Bluu: kila mahali anaposema anachohisi. Nyeusi: maneno yanayotenda, yaani yakisemwa kuna mtu anabadilika, kama amri, tusi, ombi au uongo.

Sababu yake ni kwamba mtunzi wa jukwaa hakuwa na uwanja. Shakespeare mwenyewe alilijua hilo. Katika Henry V, tamthilia ya vita vya Agincourt vya mwaka 1415, msimulizi anawaomba watazamaji radhi kwa panga nne tano mbovu walizonazo, kisha katika vita vyenyewe mapambano pekee tunayooneshwa ni mhuni mmoja anamteka Mfaransa na kupatana naye fidia. Mengine yote yanaletwa kwa mdomo.

Nyekundu ndiyo chakula cha kamera. Bluu nyingi zitaliwa na sura ya mwigizaji. Nyeusi usiiguse.

Onyo: usifute kitu katika hatua hii. Kuna kikundi kilifuta bluu yote siku ya kwanza, kikaja kugundua Brutus wao hana sababu ya kufanya lolote.

## Hatua ya 3: Amua vita hivi viko wapi

Unaweza kuibakiza Roma. Utahitaji deraya, ngao, na watazamaji watakaovumilia kuona miembe nyuma ya Brutus. Sishauri.

Unaweza kuihamisha. Akira Kurosawa aliichukua Macbeth akaipeleka Japani ya zamani katika filamu yake ya mwaka 1957, na haikulalamikia safari. Kwetu mahali pake ni Unyamwezi wa miaka ya 1870 na 1880: misafara ya pembe inakwenda pwani, watemi wanagombania njia, gobore zimejaa, rugaruga wamekodiwa na anayelipa. Wakubwa wanaomuua mkubwa mwenzao kwa hofu kwamba atajifanya mfalme, halafu nchi inagawanyika pande mbili! Hapa hakuna atakayehitaji kuelezwa.

Hesabu ya mfuko pia inakubali. Merikani na kaniki zinapatikana sokoni. Gobore za mbao fundi seremala anakuchongea. Tembe unaweza kuliona Kwihara, ila lile ni makumbusho: nenda ukalipime kwa macho, kajenge ukuta mmoja wa kwako. Kupiga picha mahali pa mambo ya kale ni kibali kingine, na kumwagia damu ya rangi ukuta wa kihistoria ni kesi.

Ukihama, hama na kila kitu. Katika tamthilia, Pindarus ni mtumwa wa Cassius aliyetekwa vitani Parthia. Kwetu hawi "mtumishi" hivihivi. Ni mateka aliyeletwa kutoka Manyema kupitia Ujiji. Jambo hilo litakusaidia sana kwenye hatua ya 5.

Majina ya wahusika yaache ya asili mpaka rasimu ya tatu. Ukiyabadilisha mapema utapotea ndani ya mswada wako.

## Hatua ya 4: Chagua macho

Vita vikionekana na kila mtu havimuumi mtu yeyote. Chagua mhusika mmoja, wawili wakizidi sana, ambao kamera itakaa nao kila risasi zinapolia. Bila hivyo utalazimika kuonesha jeshi zima, na jeshi zima huna.

Hata wenye fedha walifanya hivyo. Filamu ya Julius Caesar iliyotengenezwa Marekani mwaka 1953, ikiwa na Marlon Brando, ilivikata vita vya Philippi vikawa uviziaji mmoja kwenye korongo. Wewe wa watu 25 unataka nini na uwanda?

Kwa mswada huu mimi ningechagua macho ya Pindarus. Si mkubwa, hakuwemo katika kumuua Caesar, vita si vyake, na kosa lake ndilo linalomwangusha Cassius.

## Hatua ya 5: Geuza onesho moja mpaka likubali

Usianze na ukurasa wa kwanza. Anza na onesho gumu kuliko yote. Hapa ni onesho la tatu la sehemu ya tano.

Jukwaani liko hivi. Cassius anadhani wameshindwa. Anamtuma rafiki yake Titinius aende kutazama kama askari wanaoonekana kule mbali ni wao au ni wa adui. Macho ya Cassius si mazuri, kwa hiyo anamwambia Pindarus apande juu atazame. Pindarus anapanda na kusimulia: wapanda farasi wamemzunguka, ameshuka, amekamatwa, wanashangilia. Cassius anasema maneno mengi, anampa Pindarus uhuru wake ili amchome kwa upanga uleule uliomchoma Caesar, anakufa. Ni siku yake ya kuzaliwa. Titinius anarudi akiwa na taji la ushindi kichwani. Wale walikuwa rafiki zao, walikuwa wanampongeza.

Vijana wote walioniletea onesho hili walimwacha Pindarus juu ya jiwe akipiga kelele za kusimulia huku kamera ikimtazama yeye. Yaani walipiga picha redio.

Geuza hivi:

*NJE. KILIMA CHA MAWE – ALASIRI*

*Pindarus anapanda, magoti yanakwaruza jiwe. Chini, Cassius ameketi, ameupa uwanja mgongo.*

*Anachokiona Pindarus: vumbi. Ndani ya vumbi mtu mmoja anakimbia. Watu wanatokea pembeni, wanamzingira. Hatumwoni tena.*

*Kimya. Kisha kelele inafika.*

*CASSIUS: Unaona nini?*

*Pindarus anafungua kinywa. Anakitazama kisogo cha bwana wake.*

*CASSIUS: Pindarus.*

*PINDARUS: Wamemshika.*

Hesabu maneno. Mistari yote ya kusimulia imebaki neno moja, kwa sababu mtazamaji ameona mwenyewe. Na ameona vibaya, kama Pindarus. Hilo ndilo jambo ambalo jukwaa haliwezi kukupa: pale unamwamini msimulizi, hapa unayaamini macho yako na yanakudanganya.

Sasa angalia ule kimya kabla ya kelele. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kundi likiwa mita 700 kutoka kilimani, kelele inafika sekunde mbili baada ya tendo. Ziache sekunde hizo mbili. Umbali wa uwanja mzima utausikia humo, bure.

Na lile tazamo kwenye kisogo? Hapo ndipo Manyema inapolipa. Mateka anatazama mgongo wa aliyemnunua, ana neno moja la kusema. Je, amekosea kwa macho, au kuna kitu ndani yake kimeharakisha jibu? Shakespeare hasemi hivyo, na wewe usiseme. Mwache mwigizaji atazame tu.

Onyo kubwa: usioneshe Titinius akikumbatiwa kabla Cassius hajafa. Mmoja alinipinga kwamba mtazamaji akijua mapema ataumia zaidi. Kweli, inaweza kufanya kazi kwenye hadithi nyingine. Hapa utamfanya Cassius aonekane mpumbavu na Pindarus aonekane mwongo. Peleka picha ya taji baada ya kifo, na iwe fupi.

Umefaulu ikiwa mtu asiyeijua tamthilia akisoma kurasa hizo mbili anakuuliza, "Kwani hawakumkamata?"

## Hatua ya 6: Maneno ya kubaki

Ukishalewa kukata utataka kukata kila kitu. Simama.

Ugomvi wa Brutus na Cassius hemani, sehemu ya nne, acha karibu wote. Watu wawili, taa moja, usiku. Wanalaumiana kuhusu fedha na rushwa, wanakaribia kuuana, wanapatana, halafu ndipo Brutus anasema mkewe amekufa. Haikugharimu shilingi zaidi ya hema, na hakuna mapigano utakayoyapiga porini yatakayomshika mtazamaji kama haya.

Hotuba ya Antony mbele ya maiti nayo ibaki, kwa kuwa umati unabadilika neno kwa neno. Ipige nusu ya muda ukitazama wasikilizaji.

Maneno ya mtu akiongea peke yake yana dawa tatu: mpe mtu wa kumwambia, mpe kazi ya mikono inayosema hivyohivyo, au yaache yasikike akiwa kafunga mdomo. Ya tatu itumie mara moja tu katika filamu nzima.

Kipimo cha urefu: ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Ukifika kurasa 120 rudi kukata. Historia pia inakatika. Philippi palipiganwa mara mbili, tarehe 3 na 23 Oktoba mwaka 42 kabla ya Kristo. Cassius alikufa baada ya pigano la kwanza, Brutus baada ya la pili. Shakespeare alizikunja zote zikawa siku moja, na hakuna anayemdai hizo wiki tatu.

## Hatua ya 7: Chora uwanja

Chora kilima, njia, maji, kambi mbili. Kisha weka sheria moja na usiivunje: upande wa Brutus na Cassius hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia kwenye kioo, wa Antony kutoka kulia kwenda kushoto. Kamera isivuke mstari unaounganisha kambi mbili. Ukivuka, mtazamaji ataona jeshi moja linajikimbiza lenyewe.

Ongeza alama ya nguo. Kaniki upande huu, merikani upande ule. Rangi ndogo ndogo za kichwani hazionekani kwenye vumbi.

Amua pia vita vyako vinafanana na nini. Henry V ilifanywa filamu mwaka 1944, Uingereza ikiwa vitani, ikapigwa kwa rangi za kung'aa na mashujaa safi. Ikafanywa tena mwaka 1989, ikajaa matope na maiti. Tamthilia ni ileile. Andika sentensi moja juu ya daftari inayosema vita vyako ni vipi, na mpiga picha aisome kila asubuhi.

## Hatua ya 8: Kabla hamjaenda porini

Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Hilo mnalijua. Msilolijua ni la mtaani.

Mwaka mmoja tulitoka na vijana 22 wenye mikuki ya mbao, alfajiri, kupita kando ya kijiji ambacho hatukukiaga. Akina mama waliokuwa kisimani waliacha ndoo. Ndani ya nusu saa tulikuwa tumekaa chini, mikono kichwani, tunajieleza. Siku hizi naenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na kituo cha polisi siku tatu kabla, na asubuhi yenyewe naenda tena.

Mengine ya kwetu:

- Nyuki. Kila mti wa miombo utazame juu. Mzinga ukiwepo, hama. Kelele na moshi vitawatoa, na hakuna mwigizaji atakayebaki kwenye nafasi yake.
- Moto. Kiangazi nyasi zinangoja kisingizio. Mienge ni usiku, kwenye eneo lililofyekwa, na ndoo za maji na matawi mabichi yakiwa tayari.
- Gobore. Za mbao tu. Usiazime ya mtu hata akiapa haina baruti. Moshi wa risasi ni majivu yaliyochekechwa, yametiwa soksi kuukuu na kupigwa pembeni ya mtutu. Usitumie unga wa nafaka karibu na moto, unalipuka.
- Mapigano. Kila pigo lifanyiwe mazoezi polepole mara kumi. Anayepigwa ndiye anayeongoza mwendo, siyo anayepiga.

## Hatua ya 9: Siku ya kupiga

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti: mvua hakuna, nyasi bado zimesimama na zimekuwa za njano. Septemba zimeshaungua na joto linaua nguvu za watu.

Tabora jua huchelewa kuchomoza na kuzama ukilinganisha na Dar. Mwanga laini uko kuanzia karibu saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi na moja. Katikati hapo jua linachimba mashimo ya kivuli kwenye macho. Mchana piga maonesho ya chini ya miembe na ya ndani.

Kuwafanya watu 25 waonekane 200: kamera iwe chini na mbali, uvute kwa lenzi ya kuvuta mbali ili migongo ibanane. Weka watu watano mbele kabisa, wametoka nje ya fokasi, wengine wote katikati. Walioshapita mbele wazunguke nyuma ya kichaka na kupita tena wakiwa wamebadilisha nguo za juu.

Halafu vumbi. Funga matawi kwenye kamba, fungia pikipiki, dereva apite nje ya picha upande upepo unakotoka. Dakika moja ya hivyo na jeshi lako halina mwisho. Waigizaji wafunikwe pua mpaka unaposema anza.

Umefaulu ikiwa picha ikisimamishwa popote huwezi kuwahesabu watu.

## Hatua ya 10: Sauti

Simu inayorekodi iwe hali ya ndege. Onesho zuri kuliko yote niliyowahi kupiga liliingiliwa na mtu wa kukopesha.

Mazungumzo rekodi mara ya pili palepale, mara tu baada ya kupiga, watu wakiwa bado wanahema. Ukiyarudia mjini wiki ijayo pumzi haitakuwa ile. Kisha kila mtu anyamaze, urekodi pori lenyewe dakika mbili. Utalihitaji kuziba mianya.

Kelele za vita ni vishindo vya miguu, sauti ya mbao kwenye mbao, na mtu mmoja anayeita jina la mwenzake. Muziki usiujaze kila mahali.

## Hatua ya 11: Kukata na kujaribu

Unganisha filamu yote bila muziki. Ita watu kumi wasioijua tamthilia, sebuleni kwako. Usiende kibanda umiza bado, kuonesha watu wanaolipa ni baada ya Bodi kuikagua.

Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Simamisha katikati ya vita na uwaulize: nani anashinda? Wakikosa, tatizo ni la hatua ya 7. Waulize tena: mnamhurumia nani? Wakitaja watu watano tofauti, rudi hatua ya 4.

Mara ya pili washa sauti, na wewe geuza kiti, watazame wao. Pale kwenye kilima, Pindarus anaposema "Wamemshika", usikitazame kioo. Mtu akitoa simu mfukoni kabla taji halijaonekana, umelichelewesha. Kata sekunde nne, uwaite wengine kumi.